Jinsi ya Kusoma Barua za Jane Addams: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Ukikuta barua isiyo na mwaka ya Jane Addams, Mmarekani mpigania amani na mwanzilishi wa Hull House ya Chicago, usikimbilie maneno. Tazama kwanza namba ya nyumba iliyochapwa juu ya karatasi. Ikiwa ni 335 South Halsted Street, barua hiyo kwa kawaida iliandikwa kabla ya mwisho wa 1909. Ikiwa ni 800 South Halsted Street, ni ya baada ya hapo. Nyumba haikuhama hata hatua moja. Jiji la Chicago ndilo lililobadilisha namba za mitaa yake mwaka huo. Bila shaka karatasi za zamani hazikutupwa siku ileile, kwa hiyo acha nafasi ya miezi kadhaa. Hata hivyo, miaka 46 aliyoishi kwenye nyumba hiyo umeshaikata vipande viwili kabla ya kusoma sentensi moja.

Kazi yenyewe ndivyo ilivyo. Tunasema barua ni nusu ya kuonana, lakini anayesoma barua za marehemu ana nusu ya hiyo nusu, maana mara nyingi ameshika upande mmoja tu wa mazungumzo. Mengine yote anayatafuta kwenye karatasi, muhuri, namba, jina lililofupishwa, na kwenye barua ya mtu mwingine iliyolala katika jiji jingine. Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi, mwalimu wa historia, mwandishi, au yeyote mwenye simu na bando la kutosha anayetaka kuzisoma barua hizi mwenyewe, asisubiri kusimuliwa.

Hatua ya kwanza: maisha yake kwenye ukurasa mmoja

Kabla ya barua yoyote, chukua karatasi uandike maisha yake kwa tarehe, kisha uibandike mbele ya macho. Utairudia mara mia.

Alizaliwa tarehe 6 Septemba 1860 katika kijiji cha Cedarville, Illinois, nchini Marekani. Mama yake alifariki 1863, Jane akiwa na miaka miwili. Alimaliza masomo katika chuo cha wasichana cha Rockford, Illinois, mwaka 1881, na Agosti mwaka huohuo baba yake akafariki. Mwaka 1888 alitembelea Toynbee Hall, London, ambako wasomi waliishi katikati ya maskini ili kufanya kazi nao. Akarudi na wazo hilo kwao. Tarehe 18 Septemba 1889, yeye na rafiki yake Ellen Gates Starr walifungua Hull House katika mtaa wa wahamiaji upande wa magharibi wa Chicago. Humo kukawa na shule ya chekechea, madarasa ya usiku, na vikao vya vyama vya wafanyakazi. Kutoka humo pia zikaanza kampeni dhidi ya ajira za watoto viwandani.

Mwaka 1912 alisimama kwenye mkutano wa chama kipya cha Progressive kuunga mkono jina la Theodore Roosevelt kugombea urais. Januari 1915 alikuwa mwenyekiti wa Chama cha Wanawake cha Amani kilichoanzishwa Washington. Tarehe 28 Aprili mwaka huo akaongoza mkutano wa wanawake The Hague, Uholanzi, uliowakusanya zaidi ya wanawake 1,000 kutoka nchi 12, zikiwemo nchi zilizokuwa zinapigana. Marekani iliingia vitani Aprili 1917, yeye akabaki mpinga vita, na sifa zake nyingi zikageuka matusi. Mwaka 1919, mjini Zürich, mkutano wa wanawake hao ulizaa Ligi ya Kimataifa ya Wanawake kwa Amani na Uhuru, yeye akiwa rais wake wa kwanza. Mwaka 1931 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na Nicholas Murray Butler. Alifariki Chicago tarehe 21 Mei 1935.

Hayo yanatosha kuanzia. Ukianza kwa kusoma wasifu mnene wenye kurasa 500 utachoka kabla ya kufika kwenye barua.

Hatua ya pili: jua barua zimelala wapi

Hazipo mahali pamoja. Chungu kubwa zaidi liko Chuo cha Swarthmore, Pennsylvania, chuo kilichoanzishwa na Wakweka (Quakers), Wakristo wanaopinga vita. Mkusanyo wao maarufu wa nyaraka za amani ulianza karibu na 1930, Addams mwenyewe alipoanza kuwakabidhi karatasi zake. Nyaraka za Hull House ziko Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago. Karatasi za Ellen Gates Starr ziko Chuo cha Smith, Massachusetts. Zile za Rosika Schwimmer, Mhungaria aliyekuwa moto wa harakati zile za wanawake za amani, ziko Maktaba ya Umma ya New York. Za Rais Woodrow Wilson ziko Maktaba ya Bunge la Marekani.

Usikate tamaa. Wahariri wakiongozwa na Mary Lynn McCree Bryan walizunguka makavazi hayo wakazipiga picha nyaraka hizo, na katika miaka ya 1980 wakatoa maikrofilamu, yaani picha ndogo za kurasa kwenye utepe wa filamu, jumla roli 82. Tangu 2015 mradi wa Chuo cha Ramapo, New Jersey, unazipandisha mtandaoni barua za 1901 hadi 1935. Kwa kila barua unapata picha ya karatasi yenyewe, maandishi yaliyonakiliwa, na maelezo ya mwandishi na mpokeaji. Huna haja ya viza wala barua ya profesa. Anzia hapo.

Angalia mwaka huo wa mwanzo: 1901. Barua za ujana wake, za Rockford, za maradhi yake ya mgongo, za kuanzishwa kwa Hull House, hutazipata humo. Kwa hizo utahitaji maikrofilamu au vitabu vya barua zake teule vilivyoanza kutolewa na chapa ya Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2003. Nimewaona watu wakiandika kwamba Addams "hakuandika chochote" kuhusu jambo fulani la 1894, kumbe walitafuta kwenye mkusanyo unaoanza miaka saba baadaye.

Ukilazimika kumwandikia mtunza nyaraka wa Pennsylvania, kumbuka saa. Wao wakifungua ofisi saa tatu asubuhi wakati wa kiangazi chao, kwetu ni saa kumi jioni. Wakati wa baridi yao ni saa kumi na moja. Andika kwa ufupi: jina la mkusanyo, jina la mwandishi wa barua, tarehe, na unachotaka. Ukimwambia "nitumieni barua zote kuhusu vita" utajibiwa kwa adabu, lakini hutapata kitu.

Hatua ya tatu: swali dogo

"Nataka kujua Jane Addams alifikiri nini kuhusu amani" si swali, ni bahari. Punguza mpaka liingie mkononi. Aliandikiana vipi na Aletta Jacobs, daktari wa Kiholanzi, katika miezi sita ya kwanza baada ya mkutano wa The Hague? Nani walimwandikia wiki mbili baada ya hotuba moja mbaya? Barua kati yake na Roosevelt zilipoaje kati ya 1912, alipokuwa akimpigia debe, na 1915, mzee huyo alipokuwa akiwadharau hadharani wanawake wa amani?

Swali zuri lina watu wawili au tukio moja, na lina tarehe mbili, ya kuanzia na ya kuishia. Ukishalipata, barua 40 zinatosha. Mtu aliyesoma barua 40 kwa makini ana la kusema kuliko aliyepekua 2,000 kwa kidole.

Hatua ya nne: soma karatasi kabla ya maneno

Fungua picha, si maandishi yaliyonakiliwa. Nakala iliyochapwa inakupa maneno lakini inaficha mwili wa barua.

Anza na kichwa cha barua. Mbali na namba ya nyumba niliyoitaja, tazama majina ya vyama. Karatasi yenye jina la Kamati ya Kimataifa ya Wanawake kwa Amani ya Kudumu ni ya kati ya 1915 na 1919, ofisi ikiwa Amsterdam. Baada ya Zürich jina linakuwa Ligi, na ofisi inahamia Geneva. Tazama pia orodha ya viongozi iliyochapwa pembeni. Jina likikatwa kwa kalamu, kuna mtu amejiuzulu au amefukuzwa, na karatasi mpya bado hazijachapishwa. Mwaka 1917 mistari ya namna hiyo inasema mengi, maana vita viliwagawa wanaharakati na wengine waliondoka kimyakimya.

Kisha ujue ni barua ya namna gani. Iliyoandikwa kwa mkono mara nyingi ilikwenda kwa ndugu au rafiki wa karibu. Iliyochapwa kwa taipureta ni ya shughuli. Nakala ya kaboni, ile hafifu yenye herufi za bluu au nyeusi zilizofifia, ndiyo iliyobaki ofisini, na haithibitishi kwamba barua ilitumwa. Rasimu nayo ina hatari hiyohiyo. Telegramu zililipiwa kwa neno, kwa hiyo ukavu wake usiusome kuwa ni hasira.

Chini kabisa kushoto kwenye barua zilizochapwa huwa kuna herufi za mwanzo za majina: za aliyeitamka barua, kisha za aliyeichapa. Usizipite. Addams alikuwa na makatibu na wasaidizi wengi, na zipo barua zenye jina lake ambazo sentensi zake si zake kabisa. Ukitaka kumnukuu kuhusu jambo zito, tafuta kwanza mahali alipoliandika kwa mkono wake.

Bahasha ikiwa imepigwa picha, shangilia. Muhuri wa posta unakupa mji na siku. Barua za miaka ya vita zilizovuka bahari zilipitia mikononi mwa wakaguzi, na nyingi zilifunguliwa na kufungwa tena kwa ukanda wa karatasi. Mwandishi aliyejua kwamba atasomwa na afisa asiyemjua haandiki kama anayemwandikia rafiki yake wa karibu. Nusu ya tahadhari unazoziona kwenye barua za 1915 na 1916 ni za huyo msomaji wa tatu.

Hatua ya tano: tarehe, ambapo wengi huanguka

Chukua mfano huu. Mbele yako kuna barua yenye tarehe 7/9/15. Imeandikwa lini?

Kwa Mmarekani ni tarehe 9 Julai 1915. Kwa Mholanzi ni tarehe 7 Septemba 1915. Si tofauti ndogo. Tarehe 9 Julai 1915 ndiyo siku Addams aliposimama Carnegie Hall, New York, akatoa hotuba iliyomgharimu jina (tutaifikia kwenye hatua ya nane). Mwandishi akiwa Mmarekani, barua hiyo iliandikwa siku ileile, pengine kabla hajapanda jukwaani. Akiwa Mholanzi, iliandikwa baada ya dhoruba nzima kupita, na kila sentensi ya kumpa moyo ina uzito mwingine. Kabla ya kuamua, tazama mwandishi wake ni wa wapi, alikuwa wapi siku hiyo, na kama ana barua nyingine yenye namba kubwa kuliko 12 mahali pamoja. Ukikuta ameandika 22/5/15, umeshaujua mtindo wake.

Barua kutoka Urusi zina mtego wao. Kalenda ya zamani ya Kirusi ilikuwa nyuma kwa siku 13 katika karne ya 20, mpaka ilipoachwa Februari 1918. Waangalifu waliandika tarehe zote mbili, wengine hawakujali.

Utakutana pia na vifupisho vya zamani. "Inst." baada ya namba ni mwezi huuhuu, "ult." ni mwezi uliopita, "prox." ni mwezi ujao. Barua ya tarehe 3 Agosti inayosema "yako ya 28 ult." inajibu barua ya tarehe 28 Julai. Viandike mahali, maana hivyo ndivyo vinavyounganisha barua moja na nyingine.

Barua isiyo na tarehe kabisa, yenye "Jumanne asubuhi" tu, usiipe tarehe kwa kubahatisha. Andika "baada ya" na "kabla ya". Ikitaja kifo cha dada yake Mary Linn, ni ya 1894 au baadaye. Ikiomba mwenzi wake, Mary Rozet Smith, asalimiwe kama mtu aliye hai, ni kabla ya Februari 1934. Kipindi kirefu chenye uhakika ni bora kuliko siku moja ya kubuni.

Hatua ya sita: mwandiko

Niseme wazi: mwandiko wake unatesa. Herufi zinalala chini, irabu zinafanana zote, na mwisho wa neno mara nyingi ni mstari tu unaokimbilia neno linalofuata. Siku zangu za mwanzo niliwahi kukaa jioni nzima nikimtafuta bwana mmoja aitwaye Ward ambaye hakuwako kwenye orodha yoyote. Alikuwa Lillian Wald, muuguzi na mwanzilishi wa Henry Street Settlement ya New York, mtu aliyemwandikia Addams kwa miongo. Herufi moja tu.

Tangu hapo nafanya hivi. Nachagua barua ambayo tayari imenakiliwa na wahariri, nafunika nakala yao, nainakili mwenyewe kutoka kwenye picha, kisha nalinganisha. Barua tano za namna hiyo zinafundisha jicho kuliko maelezo yoyote. Natengeneza pia ukurasa wa herufi zake: nakata picha ya "d" yake, "r" yake, "l" yake, kutoka kwenye maneno ambayo nina uhakika nayo. Neno gumu likija, nalilinganisha na ukurasa huo badala ya kukisia kwa maana.

Kukisia kwa maana ndiko kunakopotosha. Ukiwa unasoma kuhusu amani, kila neno lenye umbo la "peace" utalisoma hivyo, hata pale alipoandika "place".

Unaponakili, usimsahihishe. Tahajia yake iache, vifupisho viache, neno alilolikata lionyeshe kwamba limekatwa. Usilolisoma liandike [halisomeki], unalolishuku weka alama ya kuuliza mbele yake: Wald[?]. Kesho jicho likiwa limepumzika, robo ya alama hizo zitaondoka zenyewe.

Hatua ya saba: watu na majina yao

Unapotafuta, andika Addams na pia Adams. Watu wengi walikosea jina lake, na kosa hilo lina historia. Baba yake, John Huy Addams, alikuwa seneta wa jimbo na alifahamiana na Abraham Lincoln. Binti alisimulia baadaye kwamba baba alihifadhi barua chache za Lincoln zilizoanza kwa utani kuhusu jina hilo: "Addams mpendwa mwenye D mbili". Salamu moja ya namna hiyo inaeleza ukaribu wa watu wawili kuliko aya nzima ya sifa.

Salamu, basi, zisome kwa makini. Aliyezoea barua za zamani za pwani, zinazofungua kwa "Ila jenabi" na kufika kwenye haja baada ya "wa baadu", hahitaji kufundishwa kwamba ufunguzi wa barua hupanga watu kwa vyeo na ukaribu. Kwa Addams, wengi humwita "Miss Addams" hata baada ya miaka ya kufanya kazi pamoja. Utotoni aliitwa Jennie, kwa hiyo anayelitumia jina hilo ni wa nyumbani au wa zamani sana. Unapoona salamu imebadilika katikati ya mfululizo wa barua, imepanda au imeshuka, simama hapo, kuna jambo limetokea.

Tengeneza daftari la watu: jina kamili, jina la utani, anatoka wapi, alikufa lini, barua zake ziko wapi. Kwa kuanzia waweke Ellen Gates Starr, Mary Rozet Smith, Julia Lathrop, Florence Kelley, Alice Hamilton, Lillian Wald, Emily Greene Balch, Aletta Jacobs na Rosika Schwimmer. Weka pia mpwa wake James Weber Linn, aliyeandika wasifu wake wa kwanza na aliyepitia karatasi nyingi. Mwanafamilia akishika karatasi, jiulize daima kipi kilichujwa.

Hatua ya nane: tafuta nusu ya pili

Turudi Julai 1915. Addams alikuwa ametoka Ulaya, ambako yeye na wenzake walizunguka kuzungumza na viongozi wa nchi zinazopigana. Carnegie Hall alieleza waliyoyasikia, na mwishoni akasema kwamba katika kila nchi waliambiwa askari hupewa kileo kabla ya kushambulia kwa singe: Waingereza ramu, Wafaransa absinthe. Alitaka kuonyesha kwamba vijana hawaui kwa raha. Tarehe 13 Julai gazeti la New York Times lilichapisha barua ya Richard Harding Davis, mwandishi maarufu wa habari za vita, akimshutumu kuwatukana waliokufa. Magazeti mengine yakafuata.

Sasa chora jedwali lenye safu sita: tarehe, kutoka kwa nani, kwenda kwa nani, iliandikiwa wapi, ni ya namna gani, inajibu nini. Jaza kila barua ya kati ya tarehe 9 Julai na mwisho wa Agosti. Safu ya mwisho ndiyo yenye kazi.

Barua kutoka New York ilifika Chicago ndani ya siku moja au mbili kwa treni. Barua kutoka Amsterdam ilivuka bahari yenye vita kwa wiki na zaidi. Kwa hiyo barua ya Uholanzi ya tarehe 15 Julai inayomfariji haiwezi kuwa inajibu gazeti la New York la tarehe 13, isipokuwa habari ilipita kwa telegramu. Pengine inamfariji kwa jambo jingine kabisa. Wengi huruka hesabu hii ya posta, na matokeo yake ni simulizi nzuri zenye mtiririko ambao haukuwahi kutokea.

Kisha tenganisha wanaoandika. Kuna marafiki, kuna wanaharakati wenzake wenye wasiwasi na chama, kuna wageni. Barua za wageni usizidharau, hata za matusi zisizo na jina. Wanahistoria walitumia muda mrefu kusoma alichoandika mtu mkubwa na kusahau walichomwandikia watu wadogo. Barua ya mtu asiyejulikana aliyelipa stempu ili amtukane Jane Addams inakueleza Marekani ya 1915 vizuri kuliko hotuba ya seneta.

Ukimaliza, tazama mashimo. Nani alipaswa kuandika na hakuandika? Hapo ndipo unapotoka kwenye mkusanyo wa Addams na kwenda kwa mwenzake. Barua aliyoipokea Schwimmer haiko kwenye karatasi za Addams, iko kwenye za Schwimmer, New York. Aliyoipokea Wilson iko Washington. Kilichobaki kwa mtumaji, kama kipo, ni kaboni.

Na kuna mashimo yasiyozibika. Barua alizomwandikia Mary Rozet Smith, mwenzi wake wa maisha kwa takriban miaka 40, zimebaki nyingi. Zilizotoka kwa Mary kwenda kwake ni chache mno. Kwa hiyo Jane tunamsikia, Mary tunamkisia. Ukiandika juu yao, mwambie msomaji hivyo mapema, asije akadhani Mary alikuwa mkimya.

Hatua ya tisa: kutafsiri kwa Kiswahili

Hapa ndipo Kiswahili kinapokudai uamuzi ambao Kiingereza hakikuutaka. Kiingereza kina "you" moja. Addams anapomwandikia katibu wa kamati, je, ni wewe au ninyi? Tazama anachoomba: kama ni kutia saini, ni wewe; kama ni kupitisha azimio, ni ninyi. Upande wa pili, Kiingereza kinatofautisha mwanamume na mwanamke kila sentensi, sisi tuna "a-" na "yeye" tu. Barua inayozungumzia mbunge mmoja na mkewe itakuwa ukungu usipoongeza "bwana huyo" au "mama huyo".

Neno gumu kuliko yote ni lile la kuwafungulia wapendwa, "Dearest", ambalo Addams alilitumia kwa Mary Rozet Smith. Ukiandika "Mpenzi", msomaji wa leo anaona mahaba. Ukiandika "Mpendwa", anaona kanisa au barua ya mwaliko. Wanahistoria wenyewe wamebishana sana kuhusu namna ya kuuita uhusiano ule. Mimi naandika "Mpenzi wangu", kwa sababu miaka 40 ya nyumba, safari na ugonjwa pamoja haistahili salamu ya kamati. Anayependelea "Mpendwa" simlaumu, mradi atumie neno hilohilo kuanzia barua ya kwanza hadi ya mwisho.

Kuhusu Hull House, acha jina kama lilivyo, kisha eleza mara moja kwamba ilikuwa nyumba ya huduma ambamo watoa huduma waliishi humohumo, mtaani, pamoja na majirani zao. Na neno "jirani" usilipambe. Addams alilitumia kwa uzito wake wa kawaida: mtu wa mlango wa pili.

Hatua ya kumi: haki na kuhifadhi

Addams alifariki 1935. Kwa sheria ya Marekani, maandishi ambayo hayajachapishwa hulindwa miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi, hivyo barua zake za namna hiyo zilikuwa huru tangu mwanzo wa 2006. Lakini barua alizoandikiwa ni mali ya walioziandika, na wengi walifariki miaka mingi baada yake. Emily Greene Balch, aliyepata Nobel yake 1946, alifariki 1961. Alice Hamilton alifariki 1970. Kunukuu mistari michache kwa uchambuzi ni jambo moja, kuchapisha barua nzima ni jingine. Ukitaka kufanya la pili, uliza kwanza makavazi yenye karatasi hiyo.

Kila picha unayopakua ipe jina siku hiyohiyo: mwaka, mwezi, siku, mtumaji, mpokeaji, makavazi. Kwa mfano, 1915-07-13_Wald_Addams_Swarthmore. Mwaka ukitangulia, simu au kompyuta itazipanga zenyewe kwa mfuatano. Tarehe usiyokuwa na hakika nayo iwekee alama mwishoni mwa jina la faili, si kwenye kumbukumbu ya kichwa. Unapoinukuu, taja mwandishi, mpokeaji, tarehe, jina la mkusanyo na makavazi, hata kama uliisoma kwenye kioo cha simu ukiwa kwenye daladala.

Kama unatafuta pa kuanzia jioni hii, fungua Desemba 1931. Tarehe 10 mwezi huo, Tuzo ya Nobel ilipokuwa ikitolewa Oslo, Addams alikuwa akilazwa hospitalini Baltimore. Kwa kila pongezi angalia kwanza imeelekezwa wapi, Halsted Street au hospitalini, kisha angalia jibu lilitoka siku gani na kwa mkono wa nani.